Uzi maalumu: Kuserereka na gari kwenye theluji kwa raha. Siri ni uzito, si mafuta

Mpenda Kona (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila theluji ikianguka video zile zile zinarudi mitandaoni: gari linazunguka kwenye uwanja mweupe, watu wanashangilia, na maoni yanagawanyika. Wapo wanaosema ni uhuni mtupu. Wapo wanaouliza "mnafanyaje?", na jibu wanalopewa ni "kata usukani, kanyaga mafuta". Jibu hilo ni bovu, na ndilo linalopeleka magari kwenye nguzo za taa. Ndiyo maana nafungua uzi.

Napenda jambo hili kwa moyo wote. Kwangu hakuna darasa la udereva linalolifikia ambalo mtu anaweza kulipata kwa gari lake la kila siku. Lina masharti yake, nitayasema huko mbele.

Tuanze na msuguano. Tairi nzuri kwenye lami kavu ina kipimo cha msuguano cha kama 0.8. Kwenye theluji iliyoshindiliwa kinashuka hadi 0.2 au 0.3. Kwenye barafu tupu ni kama 0.1, na barafu ikianza kutoa maji juu yake, jotoridi likiwa karibu na sifuri, kinashuka zaidi ya hapo. Chukua sasa mduara ambao kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 20. Kwenye lami gari linaanza kuachia ukifika kilomita 45 kwa saa hivi. Kwenye theluji ya 0.2 linaachia kwenye 22. Mwendo ni nusu, na kwa kuwa nguvu ya gari linalotembea hupanda kwa mraba wa mwendo, unacheza na robo tu ya nguvu ile. Kila tukio linakuja taratibu. Mkia wa gari, yaani sehemu ya nyuma, ukitoka kwenye mstari unausikia kiunoni kabla hujauona, unapata nafasi ya kuwaza, unarekebisha, unaona matokeo. Kwenye lami somo hilo hilo linaisha kabla hujajua limeanza, na linakula tairi.

Upande wa pili wa hesabu ni breki. Ukiwa kwenye 50, lami kavu inakusimamisha ndani ya mita 12 au 13 tangu breki zishike. Theluji ya 0.25 inataka karibu mita 40. Barafu inakaribia mita 100. Kwa hiyo uwanja unaoonekana mkubwa kwa macho ya lami ni mdogo kwa macho ya theluji. Mtu akikwambia "nafasi ipo tele", muulize amepima kwa kipimo kipi.

Sasa kiini cha uzi. Gari linaposerereka, kinachoamua lielekee wapi ni uzito uko juu ya tairi zipi. Tairi yenye mzigo inashika, iliyopunguziwa mzigo inaachia. Ukiachia mafuta au ukigusa breki, uzito unahamia mbele: pua inashika, mkia unakuwa mwepesi. Ukikanyaga mafuta, uzito unarudi nyuma: mkia unatulia, pua inalegea. Ukikata usukani, uzito unakwenda upande wa nje wa kona. Mambo yenyewe ni hayo tu. Mbinu zote mnazoziona kwenye video ni namna mbalimbali za kuuhamisha uzito kwa wakati unaoutaka.

Na uzito wenyewe ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Gari la kilo 1,400 likifunga breki kwenye theluji, kinachohama kutoka tairi za nyuma kwenda za mbele ni kama kilo 75, sawa na uzito wa mtu mzima mmoja. Kwenye lami hata usingejali. Kwenye theluji, ambako tairi zinashika kwa kudonoa tu, kilo hizo zinaamua mkia utoke au usitoke. Ndiyo maana nasema mguu mzito haufundishi kitu. Anayekanyaga mafuta hadi mwisho anazungusha tairi, anachimba theluji, lakini uzito wa gari hausikii hata kidogo.

Kingine ni macho. Mikono hufuata macho. Ukikodolea nguzo, utaifuata nguzo. Gari likiwa limekaa upande, geuza shingo uangalie unakotaka kufika, hata kama ni kupitia kioo cha dirisha la pembeni. Wanaoanza wengi wanaangalia boneti. Boneti haikwambii chochote isipokuwa kwamba umechelewa.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu ninayoyajua.

Kijana Mdadisi

Mkuu umeeleza vizuri sana, nimesoma mpaka mwisho. Swali langu: gari langu linavuta kwa tairi za mbele. Naambiwa kila siku kwamba gari la aina hiyo haliwezi kuserereka, eti mpaka uwe na la kusukuma kwa nyuma. Ni kweli?

Mpenda Kona (mleta uzi)

Mkuu, si kweli. Tena kwa anayeanza, la kuvuta mbele ni zuri kwa sababu lina njia rahisi ya kujinasua.

Kwenye gari lako mafuta hayatoi mkia. Ukikata usukani kisha ukakanyaga mafuta, pua inagoma: usukani umekata kulia, gari linakwenda mbele vilevile. Tairi za mbele umezipa kazi mbili kwa pamoja, kuvuta na kukata kona, na theluji haina mshiko wa kutosha kazi zote mbili. Kosa la kwanza la kila mtu hapo ni kuongeza kukata. Haisaidii. Achia mafuta, rudisha usukani kidogo, subiri nusu sekunde, utausikia usukani unapata uzito tena mkononi. Uzito huo maana yake tairi zimeshika. Hicho ndicho kitu cha kwanza ninachomfundisha mtu, kabla ya raha yoyote: kutambua kwa viganja lini tairi za mbele zinafanya kazi na lini zinaelea.

Mkia wa gari lako unatoka kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuachia mafuta ghafla ukiwa ndani ya kona. Ya pili ni breki ya mkono: ingia taratibu, 25 hivi inatosha kabisa, kanyaga klachi kama ni la gia za mkono, kata usukani, vuta breki huku umebonyeza kile kitufe cha kichwani ili isijifunge, kisha iachie. Ni kuvuta na kuachia, si kuvuta na kung'ang'ania. Ya tatu ni mguu wa kushoto kugusa breki huku wa kulia unaendelea na mafuta. Hiyo ndiyo tamu kuliko zote, lakini inataka mazoezi, kwa sababu mguu wa kushoto umezoea klachi na unakanyaga kwa pupa.

Mkia ukishatoka, elekeza tairi za mbele unakotaka kwenda na uongeze mafuta kidogo. Pua itauvuta mkia urudi kwenye mstari. Hapo unamshinda mwenye gari la kusukuma nyuma, maana yeye mafuta yakizidi kidogo tu anazunguka mzima.

Na jaribu kurudi nyuma. Ukirudi nyuma, gari la kuvuta mbele linageuka kuwa gari la kusukuma: kata usukani wote, ongeza mafuta kiasi, pua inazunguka yenyewe. Kabla ya hapo angalia nyuma vizuri pako wazi.

Gia ya Tatu

Naongezea kwa wenye magari ya kusukuma nyuma. Hapo mafuta ndiyo usukani wa pili. Kata kidogo, ongeza mafuta mpaka mkia uanze kutoka, geuza usukani upande uleule mkia unakokwenda, kisha shikilia mafuta palepale. Usiyaachie ghafla. Ukiyaachia, tairi za nyuma zinashika kwa mshtuko na gari linarushwa upande wa pili, tena kwa nguvu kuliko mwanzo. Huo mrusho wa pili ndio unaoangusha watu.

Na wakuu, usukani urudisheni mapema. Mkia ukianza tu kurudi, nanyi mnaanza kunyoosha. Ukisubiri mpaka gari linyooke ndipo uanze, umechelewa.

Difu ya kawaida, ile gia inayogawa nguvu kwa tairi za kulia na kushoto, inakera: tairi moja ya nyuma inazunguka peke yake na nyingine imelala. Difu inayobana zote mbili ni kitu kingine kabisa, ila kujifunza si lazima uwe nayo.

Dada Dereva

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini mimi niko upande wa wale waliosema ni uhuni. Nimeona vijana wanazunguka kwenye maegesho wakati watu wanatembea na watoto pembeni. Unaandika kuhusu viganja na kiuno, hujaandika bado kuhusu polisi wala kuhusu mtu anayetokea nyuma ya rundo la theluji. Raha yako isiwe msiba wa mwenzio.

Mpenda Kona (mleta uzi)

Dada, uko sahihi, na nashukuru umelileta mapema. Msimamo wangu ni huu, na sitaulegeza kwa mtu yeyote: barabarani hapana. Mtaani hapana. Maegesho ya umma yenye watu, hata mmoja, hapana. Theluji ya barabarani ni ya kuendesha kwa utulivu kuliko siku zote.

Sheria nayo haichezi. Mfano Ontario, Canada: kufanya tairi zipoteze mshiko makusudi huku unakata kona kunahesabiwa kuwa ni uendeshaji wa mbwembwe. Tangu 2021 leseni inafungiwa siku 30 papo hapo na gari linashikiliwa siku 14, kabla hata hujafika mahakamani, na sheria hiyo inakufuata mpaka kwenye maegesho. Sehemu nyingine nyingi zina vifungu vyao vya kuendesha kwa hatari au bila uangalifu. Maegesho ya mtu binafsi ni mali ya mtu: bila ruhusa yake wewe ni mvamizi.

Lakini hapo hapo, dada, angalia Sweden na Norway. Kule kuserereka si uhuni, ni sehemu ya kupata leseni. Mwanafunzi anapelekwa kwenye njia maalumu ya utelezi, anafunga breki, anakwepa vizuizi, anaona kwa macho yake gari linavyokataa kusimama. Serikali zimeona ni bora mtu akutane na utelezi mara ya kwanza akiwa na mwalimu pembeni kuliko akiwa peke yake kwenye kona, na lori linakuja mbele. Mimi nataka watu wapate hicho, pamoja na raha yake.

Kwa hiyo mahali ni hapa: viwanja vya mafunzo ya utelezi, siku za wazi za vilabu vya magari, au eneo binafsi ambalo mwenyewe amekuruhusu kwa kauli yake. Ukifika, shuka utembee kwa miguu. Lote. Theluji inaficha kingo za zege, mifuniko ya mitaro, mashina, minyororo iliyolala. Hatari kubwa kwa gari linaloserereka ubavu ni ukingo mfupi wa zege: gari linakwenda taratibu tu, tairi inagonga ukingo kwa pembeni, rimu inapinda, mkono wa chini wa sasipensheni unapinda nao, na gari refu kwenda juu linaweza kulala ubavu. Ukiukuta ukingo, weka alama au hama.

Na awepo mtu nje ya gari, mbali na njia, anayeangalia kama kuna anayekaribia. Akiinua mkono, unasimama. Hakuna mjadala.

Dada Dereva

Hapo nimekuelewa. Ungeanza na hayo.

Mzee wa Ziwani

Vijana, hamjataja ziwa, na ndiko wengi wanakokimbilia kwa sababu hakuna nguzo. Acha niseme mawili matatu.

Barafu safi, ile nyeusi unayoona maji chini yake, inatakiwa iwe na unene wa sentimita 20 mpaka 30 kabla hujafikiria gari dogo. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, nguvu yake ni kama nusu, kwa hiyo unene uwe mara mbili. Usipime sehemu moja ukaridhika. Penye mdomo wa mto, chini ya daraja, karibu na matete na kwenye mkondo, barafu ni nyembamba hata kama mita chache pembeni ni nene. Toboa, pima, sogea, toboa tena.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni wimbi. Gari likipita juu ya barafu linaibonyeza kidogo, na maji ya chini yanafanya wimbi linalosafiri nalo. Mwendo wa gari ukilingana na mwendo wa wimbi, barafu inapinda zaidi na inaweza kupasuka. Estonia wana barabara rasmi za barafu kwenda visiwani, mojawapo ya kilomita kama 26 kati ya Rohuküla na Heltermaa baridi ikikaza vya kutosha kuifungua. Kule mwendo wa kati ya kilomita 25 na 40 kwa saa umekatazwa: ama uende chini ya hapo ama juu yake, usikae katikati. Na mkanda hufungwi, ili barafu ikiachia uweze kutoka haraka. Nchi kavu mkanda ni lazima, juu ya maji ni kinyume. Kwa kuwa mwendo wa kuserereka ni huo huo wa 25 mpaka 40, mimi nasema ziwa liachiwe vilabu vinavyopima barafu na kusafisha njia. Usiende peke yako eti kwa sababu umeona alama za tairi za mwenzio. Alama hazikwambii alipita lini wala gari lake lilikuwa na uzito gani.

Mpenda Kona (mleta uzi)

Mzee, shikamoo. Hii ya wimbi naomba kila mmoja aisome mara mbili.

Kijana Mdadisi

Mzee, nami shikamoo. Nauliza tu huku nyuma: kwenye gari langu nikijaribu kutoa mkia, taa inawaka kwenye dashibodi, injini inakosa nguvu na gari linajinyoosha lenyewe. Nazima vipi?

Fundi Mtulivu

Hapo nijibu mimi. Huo ni mfumo wa kudhibiti uthabiti wa gari. Bosch na Mercedes-Benz waliuingiza sokoni 1995, na Ulaya ukawa lazima kwa kila gari jipya tangu mwishoni mwa 2014. Una kifaa kinachopima gari linavyojizungusha, unakilinganisha na usukani wako, ukiona havipatani unafunga breki kwenye gurudumu moja na kupunguza mafuta. Barabarani usiuzime kamwe. Umeokoa watu wengi.

Kwenye uwanja, kitufe chenye picha ya gari na mistari ya kupinda, ukikibonyeza mara moja, magari mengi yanazima ule udhibiti wa tairi kuzunguka tu. Ukikishikilia sekunde kadhaa ndipo mfumo wote unazimika, na yapo magari ambayo hata hivyo unarudi wenyewe ukivuka mwendo fulani au ukikanyaga breki. Soma kitabu cha gari lako. Ushauri wangu: anza ukiwa umeuacha umewashwa. Serereka mpaka uujue unaingilia wapi, ndipo uuzime. Utagundua ulikuwa unaingilia pale pale ambapo wewe ulikuwa umechelewa.

ABS nayo, mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki: kwenye theluji laini yenye kina inaweza kuongeza umbali wa kusimama, kwa sababu tairi iliyojifunga inakusanya rundo la theluji mbele yake na rundo lile linazuia gari. ABS haiachi tairi ijifunge, rundo halijengeki. Ila inakuachia usukani ufanye kazi, na hilo ni kubwa zaidi.

Wenye breki ya mkono ya umeme, ya kitufe: haifai kwa mchezo huu. Magari mengi ukiivuta likiwa kwenye mwendo linafunga breki ya dharura kwa utaratibu, halitoi mkia. Na wenye magari ya kuvuta magurudumu yote manne, kuwa waangalifu na breki ya mkono. Kwenye baadhi ya mifumo tairi za nyuma zimeunganishwa na za mbele, ukizifunga unatesa difu ya katikati. Magari ya rali yanatenganisha kwanza.

Gia ya Tatu

Umetaja rali. Mleta uzi, waeleze watu ile ya kuyumbisha kwanza upande wa pili. Ndiyo kitu kizuri kuliko vyote kwenye theluji.

Mpenda Kona (mleta uzi)

Nilikuwa naisubiri.

Unaijia kona ya kulia. Kabla hujafika unakata kidogo kushoto. Uzito unalala upande wa kulia, springi za kulia zinabonyea. Sasa unaachia mafuta, au unagusa breki, mkia unakuwa mwepesi, na hapo hapo unakata kulia. Springi zilizobonyea zinasukuma, uzito wote unavuka gari kwa kishindo kimoja, mkia unafagia nje, na gari linaingia kona likiwa tayari limeshaelekeza pua unakotaka kwenda. Unakanyaga mafuta, uzito unarudi nyuma, unatoka. Ukiifanya vizuri, usukani unakuwa karibu umenyooka katikati ya kona yenyewe. Kazi yote ilifanyika kabla.

Madereva wa rali wa Finland na Sweden ndio walioisambaza duniani miaka ya 1960, na haikuzaliwa kwa mbwembwe. Magari mengi waliyokuwa nayo yalikuwa madogo na mengine ya kuvuta mbele, yanayogoma kukata kona kwenye theluji. Erik Carlsson wa Sweden alikuwa na Saab 96, injini ndogo ya mitungi mitatu. Aligundua kwamba akipunguza mwendo anapoteza nguvu ambayo injini haiwezi kuirudisha, kwa hiyo mguu wa kulia aliuacha kwenye mafuta na wa kushoto ukacheza breki, kutoa mkia bila kuua mwendo. Alishinda RAC Rally, rali ya Uingereza, mara tatu mfululizo, 1960, 1961 na 1962, na rali ya Monte Carlo 1962 na 1963. Timo Mäkinen wa Finland akashinda Monte Carlo ya 1965 akiwa na Mini, mwaka ambao theluji ilimwagika mpaka magari mengi hayakufika. Baadaye ikaja Audi Quattro, iliyooneshwa Geneva 1980, na magurudumu manne ya kuvuta yakabadilisha rali nzima. Lakini ile mbinu ya kuyumbisha haikufa, kwa sababu uzito haujui gari linavutia wapi.

Leo kwenye Rally Sweden tairi ni nyembamba ili ikate theluji ifike kwenye barafu, na tairi moja ina misumari 384. Ndiyo maana wale wanakimbia zaidi ya 100 penye theluji tupu. Usijilinganishe nao kwa tairi za kawaida.

Kijana Mdadisi

Tairi basi. Za misumari ni bora kwa mchezo huu?

Fundi Mtulivu

Kwa raha, hapana. Misumari inashika, kwa hiyo inapandisha mwendo ambao gari linaachia, na hatari inapanda nayo. Tairi za kawaida za baridi zenye afya zinatosha, maana zinabaki laini hata jotoridi likiwa chini ya nyuzi 7. Tairi za kiangazi usitumie: zinakuwa ngumu, hata kuondoka uwanjani utashindwa. Upepo angalia, maana unapungua baridi ikizidi, na tairi yenye upepo mdogo ikisukumwa ubavu inaweza kuchomoka kwenye rimu.

Mengine ya kiufundi haraka. Gari la otomatiki usilizungushe dakika nyingi mfululizo, mafuta ya gia yanachemka ingawa nje ni baridi, lipumzishe. Kabla ya kuanza toa kila kitu kilicholegea ndani, chupa ya maji ikiingia chini ya pedali ya breki hakuna mbinu itakayokusaidia. Ukirudi nyuma ukaingia kwenye rundo la theluji, zima injini, shuka, safisha bomba la moshi kabla hujaendelea. Bomba likiziba, moshi unarudi ndani ya gari, na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo, haina harufu.

Na ukimaliza, kabla hujaingia barabarani, inama ukwangue theluji iliyoganda ndani ya rimu. Imejibana upande wa ndani ambao huuoni. Ukifika 80 usukani unatetemeka kama gari limevunjika, watu wanakimbilia gereji kumbe ni barafu ya ndani ya rimu imeharibu mizani. Ikifika usiku wa baridi kali, usiache breki ya mkono imevutwa: kebo iliyoingia maji inaganda, asubuhi tairi za nyuma hazizunguki. Acha kwenye gia, au kwenye P kama ni otomatiki.

Dada Dereva

Nimeanza kwa kupinga, namalizia kwa swali. Mtu ambaye hajawahi kabisa, aanze na nini siku ya kwanza?

Mpenda Kona (mleta uzi)

Dada, aanze na breki. Aende 20, mstari ulionyooka, akanyage breki kwa nguvu mpaka ABS igonge mguuni, aone gari linasimama wapi. Kisha 30. Aweke alama kwenye theluji kila mara, ashuke akaangalie tofauti kwa macho yake. Hiyo peke yake inabadilisha mtu.

Halafu mduara mkubwa, mwendo mdogo, aongeze kidogo kidogo mpaka pua igome. Aache irudi. Arudie mpaka aache kushtuka. Baada ya hapo ndipo mkia: kuachia mafuta ndani ya mduara, kurekebisha, kunyoosha. Breki ya mkono na kuyumbisha visubiri siku nyingine. Akifanya pande zote mbili itakuwa vizuri zaidi, kwa sababu karibu kila mtu ana upande mmoja anaouogopa bila kujua.

Na aangalie theluji yenyewe inavyobadilika. Saa ya kwanza ni laini na inashika. Ukizunguka palepale kwa muda inang'aa, imekuwa barafu, na mwendo uliokuwa salama mwanzo sasa unakupeleka mita nyingi zaidi. Ikianza kung'aa, sogea sehemu mpya au funga siku. Jua likichomoza na jotoridi likakaribia sifuri, ndiyo hatari zaidi: nyuzi 20 chini ya sifuri barafu inashika kuliko nyuzi 1 chini ya sifuri. Akichoka pia aache, maana anayechoka anaanza kuangalia boneti.

Dada Dereva

Kuna uwanja wa mafunzo ya utelezi ninaoufahamu, wanafungua kwa watu wa kawaida mwishoni mwa wiki. Nitajiandikisha, nitaleta mrejesho humu.

Mpenda Kona (mleta uzi)

Tunakusubiri, dada. Mwombe mwalimu akuache uanze mfumo ukiwa umewashwa, kama alivyosema Fundi.